Igeuzeni Muone Mgongo Wake: Shaba za Dhahabu za Meko ya Wafaransa

Hotuba kwa masonara, mafundi wa shaba na wanafunzi wa sanaa, Mombasa

Wazee wangu, mafundi, dada na kaka zangu, salamu kwenu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Aliyenialika aliniambia niseme juu ya kitu chochote cha shaba, mradi nakijua. Nadhani alitegemea nije na masinia, mabuli na misumari ya milango. Badala yake nimewaletea kitu ambacho hapa Mombasa hakitapata kazi hata siku moja: mapambo ya shaba iliyotiwa dhahabu, yaliyokuwa yakiwekwa mbele ya moto wa kuota katika nyumba za matajiri wa Ufaransa, tangu miaka ya 1760 hivi mpaka Mapinduzi ya 1789. Nimeyachagua kwa sababu ndiyo yanayonipa riziki, katika karakana ya kukarabati vyombo vya kale huko Ulaya. Na nimeyachagua kwa sababu ninyi mtayaelewa haraka kuliko wasomi. Msomi huyatazama usoni. Fundi akipewa kitu mkononi, kabla hajasema neno, atakigeuza. Ombi langu leo ni hilo tu, tuyageuze. Usoni mna habari za wafalme na malkia, na habari hizo zimeshaandikwa sana. Mgongoni mna habari za waliotengeneza, na huko ndiko ninakotaka kuwapeleka.

Kwanza kitu chenyewe. Katika kila chumba cha maana cha tajiri wa Paris palikuwa na meko ya ukutani, yenye fremu ya marumaru na dohani linalopanda mpaka juu ya paa. Kuni zikilazwa chini kabisa hazipati hewa, zitafuka moshi tu. Kwa hiyo huwekwa vyuma viwili sambamba, kimoja kushoto na kimoja kulia, na magogo yakalala juu yake. Ni mafiga, ila yao ni mawili, na yanabeba kuni badala ya sufuria. Wafaransa huviita shene, nami nitavitaja kwa jina hilo.

Kila shene ina sehemu mbili. Nyuma pana pau la chuma cheusi, lenye mguu mmoja, linaloingia ndani ya moto. Mbele pana shaba iliyosubiwa, ikanakshiwa, ikatiwa dhahabu. Pau ndilo linalofanya kazi. Shaba huzuia gogo lisibingirike likaja zuliani, na baada ya hapo kazi yake yote ni kutazamwa. Pamoja na jozi hiyo huja sepetu ndogo ya majivu na koleo za kushikia makaa, mishikio yake nayo ikiwa na vifundo vya shaba ya dhahabu vya mtindo uleule.

Msidhani joto lenyewe lilikuwa la kujivunia. Meko yale yalikuwa wazi, na sehemu kubwa ya joto ilipanda na moshi ikaenda kuwapasha ndege. Kutoka jumba la Versailles imetufikia barua ya mke wa ndugu yake mfalme, ya Februari 1695, inayosema kwamba divai na maji viliganda ndani ya glasi mezani pa mfalme. Hapo ni kwa Louis wa 14, mtu tajiri kuliko wote Ulaya wakati wake! Sasa chumba kikiwa na baridi namna hiyo, watu wote husogea mahali pamoja. Wageni hukaa wakiyaelekea meko, saa nzima, usiku kucha. Macho yao hayana pengine pa kwenda. Hapo ndipo tajiri anapotaka dhahabu yake iwe, chini, karibu na ndimi za moto, ili mwanga ukicheza na dhahabu nayo icheze. Anayeziona shene hizi katika kabati la kioo la makumbusho, chini ya taa ya umeme isiyotikisika, anaona nusu ya kitu. Zilitengenezwa zitazamwe kutoka juu, na mwanga utoke nyuma.

Kuhusu mtindo nitapita haraka, kwa kuwa vitabu vimejaa. Hadi katikati ya karne ya 18 Paris ilipenda mapindo: makombe ya bahari, majani yanayojikunja, mawimbi, hakuna mstari ulionyooka. Kisha yakaja machimbo ya miji ya kale ya Warumi iliyofukiwa huko Italia, Herculaneum tangu 1738 na Pompeii tangu 1748, na vijana wasanii wa Ufaransa waliotumwa Roma wakarudi na michoro ya nguzo, matungi na madhabahu. Katikati ya miaka ya 1750 tajiri mmoja mpenda sanaa, Lalive de Jully, alijitengenezea fanicha nzito ya mistari minyoofu. Mchoro ulikuwa wa Louis-Joseph Le Lorrain na shaba za Philippe Caffieri, na meza yenyewe iko mpaka leo katika makumbusho ya Chantilly. Watu walishangaa, kisha wakaiga. Katika miaka ya 1760 hakuna aliyetaka tena kuonekana na mapindo. Shene nazo zikabadilika: zikawa na vitako vya mraba, matungi yenye ndimi za moto, matunda ya misonobari, shada za majani ya mwaloni, vichwa vya kondoo dume, simba waliolala, masfinksi, yaani simba wenye kichwa cha mtu. Mimi binafsi nyingi zinanichosha. Tungi, shada, tungi, shada. Ukiziona ishirini umeziona mia.

Lakini ziko mbili ambazo hazichoshi. Jozi ya kwanza ni ya Quentin-Claude Pitoin, iliyokuwa katika jumba la Fontainebleau kwa Madame du Barry, kipenzi cha mfalme Louis wa 15. Upande mmoja yuko kulungu dume, upande wa pili nguruwe mwitu. Utaratibu wa kawaida ni kwamba jozi ifanane, shene moja iwe kivuli cha mwenzake. Hapa fundi amewaweka wanyama wawili wenye maumbile tofauti kabisa, mmoja mrefu wa miguu myembamba, mwingine mnene mwenye manyoya magumu, na bado macho yako yanakubali kwamba uzito ni sawa. Tena mahali pake panaeleweka: baraza la mfalme lilikwenda Fontainebleau majira ya kupukutika majani, kuwinda. Mawindo ya mchana yalikuwa mbele ya moto usiku.

Jozi ya pili itawachekesha. Mwaka 1777 malkia Marie-Antoinette alitengenezewa, hapohapo Fontainebleau, chumba kidogo cha kile ambacho Paris ilikiona kuwa mtindo wa Kituruki. Shene za chumba hicho alipewa Pierre Gouthière, naye akaweka ngamia. Ndiyo, ngamia wa nundu moja, amelala juu ya kitako chenye nakshi nyembamba sana. Leo wako katika makumbusho ya Louvre, Paris. Kwa mtu wa pwani hii ngamia si ajabu, anaonekana ufukweni Nyali akiwabeba watalii. Kwa hiyo mwangalieni kwa jicho la mtu anayemjua, kisha muangalie dhahabu yake. Kuna sehemu zinazong'aa kama kioo na sehemu zilizofifia, laini, zisizorudisha mwanga, na macho hayajui kama ni metali au ni ngozi. Ufundi huo wa dhahabu iliyofifishwa ndio uliompa Gouthière jina. Watu wa wakati wake walimsifu kuwa ndiye aliyeuingiza, na hata kama hakuwa wa kwanza, hakuna aliyeufikisha alipoufikisha yeye.

Haya, tugeuze sasa.

Ukigeuza shene ya kweli ya karne ya 18 unachokiona si dhahabu. Unaona shaba tupu, imeiva rangi ya kahawia, na pembeni matone machache ya dhahabu yaliyovuka mpaka. Dhahabu ilikuwa ghali, hakuna aliyeipaka mahali ambapo mnunuzi hataangalia. Unaona pia kwamba hicho kilichoonekana kipande kimoja ni vipande kumi, kumi na tano au zaidi: tungi peke yake, ndimi za moto peke yake, shada peke yake, kila kimoja na skrubu yake, na kila skrubu imekatwa kwa tupa hata haziwezi kubadilishana mahali. Ndiyo sababu utakuta alama ndogo zimechongwa karibu na tundu, mkato mmoja, mikato miwili, mitatu, fundi akijiwekea kumbukumbu ipi ni ya wapi.

Kwa nini vipande vingi hivyo? Kwa sababu ya sheria na kwa sababu ya moto. Sheria kwanza. Ufundi Paris uliendeshwa na vyama, na chama cha wasubu shaba kilikuwa mbali na chama cha watia dhahabu. Kila kimoja kililinda mlango wake kwa wivu. Ukiwa msubu, ukikamatwa unatia dhahabu, unashtakiwa. Vyama hivyo viliunganishwa mwaka 1776 tu, baada ya waziri Turgot kuvifuta vyote mapema mwaka huo na serikali kuvirudisha miezi michache baadaye kwa sura mpya. Kwa hiyo shene moja ilipita mikononi mwa mchoraji, kisha mchongaji wa mfano wa mbao, udongo au nta, kisha msubu, kisha mnakshi, kisha mtia dhahabu. Juu ya wote alikaa mfanyabiashara, kama Poirier na baadaye mshirika wake Daguerre wa mtaa wa Saint-Honoré, asiyeshika nyundo wala tupa, lakini ndiye mwenye wateja. Mnaona kwa nini kazi hizi karibu hazina saini? Nani angesaini?

Kuhusu kusubu sina la kuwafundisha. Walitumia kalibu za mchanga, na kwa umbo gumu walitumia nta inayoyeyuka ikaacha nafasi, njia ileile iliyotumika kuisubu siwa ya shaba ya Lamu. Metali yenyewe vitabu huiita bronzi, lakini mara nyingi ni shaba na zinki, na stani na risasi kidogo, kwa hiyo wengi wenu mngeiita shaba njano tu. Ikitoka kwenye kalibu ina ngozi ya mchanga, mabaki ya mifereji, vishimo. Hapo anaingia mnakshi na patasi zake ndogo. Hafanyi kusafisha tu, anaitia uhai. Jani la mwaloni kwenye kalibu ni bonge lenye ukingo, na mishipa yake yote ni mkono. Manyoya ya nguruwe mwitu wa Pitoin ni mapigo ya nyundo, moja baada ya jingine. Mwangalieni mnyama yule kwa kioo cha kukuza kisha muangalie nakala ya miaka mia baadaye: ya pili ina manyoya pia, ila yote yamelala upande mmoja, kwa sababu aliyeyapiga alikuwa na haraka.

Sasa dhahabu, na hapa ndipo ule moto unapoingia. Hapa masonara nawaomba masikio, na kama kuna mtu ametoka machimbo ya dhahabu ya Migori au Geita, aniwie radhi, atayajua haya kuliko mimi.

Dhahabu safi ilifuliwa ikawa nyembamba sana, ikakatwakatwa, ikawekwa kwenye kalibu ndogo ya udongo iliyokolea moto. Juu yake ikamiminwa zebaki, takriban sehemu nane kwa sehemu moja ya dhahabu. Zebaki huinywa dhahabu. Ikakorogwa, ikamwagwa kwenye maji, kisha ikakamuliwa kwa ngozi laini mpaka zebaki ya ziada itoke, likabaki tope jeupe linalopakika. Shaba nayo iliandaliwa: ikachomwa, ikaoshwa kwa asidi, ikapitishwa maji ya zebaki ili ishike. Tope likapakwa kwa brashi ya nyuzi za shaba. Kisha kipande kikawekwa juu ya makaa, na mtia dhahabu akakigeuzageuza, akikigonga kwa brashi ndefu ili tope lisambae sawasawa. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, dhahabu haiyeyuki mpaka ipite 1,060. Kwa hiyo zebaki huondoka ikawa mvuke, dhahabu ikabaki imeng'ang'ania. Kwa dhahabu nzito kazi yote ilirudiwa tangu mwanzo, mara mbili, mara tatu.

Hapo dhahabu ni ya njano iliyolala, haina uso. Sehemu za kung'aa zilisuguliwa kwa jiwe la akiki au hematiti. Sehemu za kufifia zilipakwa mchanganyiko wa chumvi, shura na shabu, zikapashwa moto, kisha kipande chote kikatumbukizwa majini. Kukosea hapo ni kurudi mwanzo na dhahabu mpya. Ngamia wa malkia amepitia yote mawili, bega kwa bega, mpaka wa kung'aa na kufifia ukiwa mwembamba kuliko ukucha.

Ule mvuke ulikwenda wapi?

Ulikwenda kifuani mwa aliyesimama pale. Karakana zilikuwa vyumba vya kawaida vya kupanga, dirisha moja, tanuri dogo. Mikono ya watia dhahabu ilianza kutetemeka wangali vijana. Mate yaliwatoka bila kukoma, fizi zikavimba, meno yakalegea, kisha akili. Fikirieni mtu ambaye riziki yake ni kutenganisha mng'aro na mfifio kwa upana wa ukucha, halafu mikono yake inamtoka. Hakuna aliyeficha habari hii. Mji mzima ulijua, na mji mzima uliendelea kuagiza.

Yupo mmoja aliyeona haya. Antoine-André Ravrio alikuwa mtengenezaji wa shaba, akapata utajiri kwa kuuza mapambo kwa majumba ya Napoleon. Alipofariki mwaka 1814 wosia wake uliacha faranga 3,000 za zawadi kwa atakayevumbua njia ya kuwakinga watia dhahabu na zebaki. Zawadi ilisimamiwa na Chuo cha Sayansi cha Paris, na mwaka 1818 ikaenda kwa mkemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet. Mnajua alivumbua nini? Meko mazuri. Alijenga tanuri lenye kofia juu yake na kioo mbele, fundi akaingiza mikono tu, na dohani lake lilipashwa joto na moto mdogo wa pembeni, ili hewa ivutwe juu kwa nguvu kabla zebaki haijaanza kuchemka. Basi. Hakukuwa na kemia mpya ndani yake. Ni elimu ya dohani, elimu ambayo kila mjenzi wa meko Paris alikuwa nayo! Watu walioota moto mbele ya shene zile walikuwa na dohani la kuwatolea moshi. Aliyezitia dhahabu hakujengewa la kwake, na ilibidi mtu afe na aache pesa ndipo swali liulizwe kwa dhati.

Sitaki kuhubiri, ila nitakuwa mnafiki nikipita hapa bila kutaja kwetu. Wachimbaji wadogo wa Geita, wa Migori, wa Ituri kule Congo, hukamata dhahabu kwa zebaki ileile, kisha hulichoma donge juu ya makaa, wengine uani, wengine jikoni kabisa. Tofauti ni kwamba wao wanataka dhahabu ibaki donge, mtia dhahabu alitaka ibaki juu ya shaba. Mvuke ni mmoja. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na ukaanza kufanya kazi 2017, na kifaa wanachohimizwa wachimbaji kukitumia, chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke urudi kuwa zebaki, si kitu cha ajabu zaidi ya kofia ya d'Arcet. Sonara anayenunua donge la mchimbaji na kulichoma upya dukani, mlango ukiwa umefungwa kwa usalama, naye yumo.

Turudi kwa Gouthière, maana mtadhani aliyewafanyia malkia kazi alikufa tajiri. Alizaliwa 1732 huko Bar-sur-Aube, akafuzu kuwa bwana fundi wa kutia dhahabu Paris mwaka 1758, na tangu 1767 akawa anafanyia kazi jumba la mfalme. Madame du Barry alipojenga banda lake la starehe Louveciennes, mwanzoni mwa miaka ya 1770, shaba zilikuwa zake. Duke wa Aumont alikusanya kazi zake kwa shauku hata orodha ya mnada wa mali ya duke huyo, Desemba 1782, ikamtaja fundi kwa jina, na mfalme na malkia wakawa miongoni mwa wanunuzi. Kwa fundi hilo lilikuwa jambo geni. Lakini matajiri walikuwa na tabia moja ambayo mafundi mlioko hapa hamhitaji kuelezwa: waliagiza leo, wakalipa wakipenda. Dhahabu yeye aliinunua kwa pesa taslimu. Mwishoni mwa miaka ya 1780 akafilisika. Du Barry alikuwa bado anamdai... nimekosea ulimi, yeye ndiye aliyekuwa akimdai du Barry, na deni lilikuwa kubwa sana, na Desemba 1793 du Barry akapelekwa kwenye gilotini. Deni halilipwi na kichwa kilichokatwa. Gouthière alifariki 1813, maskini, na kesi ya deni lile ikawarithi watoto.

Mapinduzi yalizitawanya shene. Kuanzia Agosti 1793 mpaka Agosti mwaka uliofuata serikali mpya iliuza vyombo vya Versailles kwa mnada, mafungu 17,182. Nyingi zilivuka bahari kwenda Uingereza. Huko, na baadaye Ufaransa kwenyewe, watu walihamia makaa ya mawe, ambayo huhitaji kikapu cha chuma wala hayalazwi juu ya mapau. Basi mapau yakakatwa. Shaba ikasogezwa mbele ikawa pambo tupu, mara nyingine imeunganishwa na mwenzake kwa utepe wa shaba ukawa uzio wa kuzuia makaa yasitoke. Kwa hiyo ukiigeuza shene ya kale ukaona tundu la mraba lisilo na kitu, na kutu imezunguka ukingo wake, furahi. Hapo palikuwa na pau, na pau hilo liliungua kweli.

Hilo linanileta kwenye nakala, na hapa ndipo wanafunzi wanapouliza zaidi. Katika miaka ya 1850 na 1860 Eugénie, mke wa Napoleon wa 3, alimpenda Marie-Antoinette kama mtu anavyompenda bibi yake aliyekufa kabla hajazaliwa, na Paris nzima ikarudi kwenye matungi na shada. Karakana za Beurdeley na Dasson zilitengeneza nakala nzuri mno, na hazikuwa wizi: wengi walipiga majina yao. Wizi ulikuja baadaye, walipokuja wauzaji wa kufuta majina.

Umeme ulikuwa umeshaingia. Mwaka 1840 familia ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya kuchovya dhahabu kwa umeme, na 1842 Charles Christofle akanunua haki hizo kwa ajili ya Ufaransa. Ya umeme hufika kila mahali, mgongoni, ndani ya tundu la skrubu, sawasawa, nyembamba, na rangi yake ina ubaridi fulani. Ya zebaki ni nzito, imelala, na haiko mgongoni. Ila msikimbilie kuhukumu, kwa kuwa karakana bora za karne ya 19 ziliendelea na zebaki kwa wateja wakubwa. Siku hizi kuna mashine ya eksirei ya kushika mkononi inayoweza kuonyesha mabaki ya zebaki bila kukwangua kitu. Itakuambia ni zebaki. Haitakuambia ni mwaka gani.

Na ipo alama moja inayowapendeza sana wauzaji, herufi C ndogo yenye taji juu yake. Hiyo ni alama ya kodi iliyotozwa Ufaransa kwa vitu vya shaba kati ya 1745 na 1749 tu. Ukiikuta kwenye shene ya makombe na mapindo, vizuri. Ukiikuta kwenye shene ya tungi na shada za mwaloni, mtindo ambao ulikuwa haujazaliwa, jua kuna mtu ameipiga juzi akiwa hajasoma historia.

La mwisho ni la nyumbani, kwa kuwa nimeona akina mama kadhaa hapa wanaojua kung'arisha sinia. Ndimu, ukwaju, majivu, ile dawa ya kopo: yote haya ni ya shaba tupu. Dhahabu ya zebaki, ingawa ni nzito kuliko ya umeme, bado ni nyembamba na ina vitundu visivyoonekana. Asidi hupenya ikaila shaba chini yake, na majivu huikwangua dhahabu yenyewe. Nimeletewa kazi zilizong'arishwa na watumishi waaminifu kwa vizazi viwili, na pua za simba zimebaki shaba. Sisi hutumia maji yasiyo na chumvi, sabuni laini kidogo, brashi ya manyoya, kitambaa cha pamba, na tunakausha mara moja. Masizi yaliyoungana na dhahabu tunayaacha kama hayadhuru.

Mezani hapa nimeweka shene moja, nakala ya nusu ya pili ya karne ya 19, ya tungi na shada. Mwenzake alipotea zamani, ndiyo sababu mwenyewe amekubali isafiri. Glavu ziko kando. Njooni watatu watatu, wazee kwanza, muigeuze. Ishikeni kwenye kitako, msiishike kwenye shada, kwa kuwa shada limefungwa kwa skrubu mbili na moja imelegea. Kisha mniambie ni skrubu ngapi si za asili. Mimi nasema mbili, mwenzangu kazini anashikilia ni tatu, na tumebishana hatujamaliza.